Ushanga Umeuzwa Mto wa Mbu, Hela Imelala Wapi?

Gari la utalii likisimama Mto wa Mbu, mji mdogo ulio njiani kati ya Arusha na Karatu, kabla vumbi halijatulia kina mama watano sita wameshalizunguka, shanga zikining'inia mikononi kama nyavu za samaki. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha ndizi nyekundu hapo pembeni, nikaiangalia biashara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mama wa Kimasai alianza na Sh 50,000 kwa mkufu mpana, ule wa bapa unaopigapiga kifuani mtu akiruka. Mgeni akasema 10,000. Dereva akaingilia kati, akimwita mama kwa Kimasai: "Yeyo, mpunguzie bwana, huyu mgeni wangu." Wakakutana kwenye 25,000. Mgeni akarudi garini na sura ya mtu aliyeshinda kesi, mama akazikunja noti akazifunga kwenye pindo la shuka, gari likapandisha kuelekea Karatu.

Nilimuuliza mkufu ule ulimchukua siku ngapi. Akacheka. "Siku? Nani anahesabu? Unashona jua likiwa kali, umekaa zako chini ya mgunga. Ng'ombe wakirudi unaacha." Halafu akaniambia mkufu wenyewe haukuwa wake. Ni wa mke mwenzie; yeye muuzaji ndiye mwenye miguu ya kufika barabarani.

Nimekaa kwenye kumbi nyingi za Arusha mjini nikisikiliza mada za maendeleo vijijini, na hakuna semina inayoisha bila mtu kusimama na kusema kwamba sanaa na utamaduni ni "fursa". Neno limechoka, maskini. Msemaji hadanganyi, ila anatia vitu vitatu kwenye kapu moja na kulibeba kama vile uzito wake ni mmoja. Kuna kitu unachotengeneza na kukiuza, kama ule mkufu. Kuna kumkaribisha mtu nyumbani na kumtoza kwa kumkaribisha. Na kuna shughuli ambazo watu wanazifanya kwa ajili yao wenyewe, harusi, kipaimara, matanga, ambazo hakuna anayeziita mradi. Hela inapita kote huko. Inapita kwa njia tofauti, na inatobokea mahali tofauti.

Mkono ndio unaouzwa

Tuanze na mkufu, kwa namba za mfano tu. Umeuzwa 25,000. Shanga, waya na uzi vilinunuliwa mjini kwa 7,000. Nauli, ukiigawa kwa mikufu yote ya safari hiyo, ni 2,000. Dereva, kama ana mazoea hayo, kesho akipita atadai 5,000 yake ya kumleta mgeni. Zimebaki 11,000. Kama mkufu ulikula saa 20 za kushona, saa moja ya mkono ule imelipwa Sh 550, na hapo bado yeyo wa barabarani hajakatiwa chake.

Sasa angalia ile 7,000. Shanga za kioo ambazo kina mama wanazisifu kwamba hazipauki zimekuwa zikitoka Bohemia, kwenye nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Czech, kwa zaidi ya karne moja. Za bei rahisi zinatoka Uchina. Maana yake malighafi ya kitu tunachokiita cha asili kuliko vyote inakuja kwa meli. Sisemi hivyo kukidharau. Kabla ya kioo Wamasai walitumia mbegu, mifupa, udongo na vijiti, na kioo kilipokuja wakakichukua, wakakipangia rangi na maana zake, kikawa chao kabisa. Lakini kwa hesabu ya kijiji, hela ya shanga haikai hata usiku mmoja. Inaingia dukani Arusha na kuendelea na safari. Kinachobaki ni mkono.

Ndiyo maana wanaotaka kumsaidia mwanamke huyu kwa kumfundisha "ujasiriamali" wa jumla jumla huwa wananichosha kidogo. Swali lake ni dogo na gumu: saa moja ya mkono wake itatokaje 550 ifike 2,000? Njia mojawapo ni oda. Hoteli inataka pete 200 za vitambaa vya mezani, zote sawa. Hapo inaanza kazi ambayo haionekani kwenye picha za miradi. Mama aliyezoea kushona kila mkufu tofauti na mwenzake, na ambaye kwake kurudia pambo lilelile mara 200 ni adhabu, lazima ahesabu punje kwa punje: mstari wa kwanza 12, wa pili 12, usiongeze. Mafundo yafichwe. Waya usimchome mtu. Anayekosea anafumua. Vikundi vingi vinafia hapo, kwenye kufumua, wala si kwenye kukosa soko.

Vingine vinafia kwenye malipo. Hoteli inalipa baada ya mwezi au miwili, na shanga zinatakiwa leo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi cha ushanga kinaweza kuomba kama kingine chochote. Tatizo ni kalenda. Marejesho yanadaiwa mwezi kwa mwezi, wakati mkufu unauzika Juni mpaka Oktoba na kidogo mwisho wa mwaka. Masika ikianza, barabara za mbugani zinateleza, wageni wanapungua, na katibu wa kikundi anaanza kuzima simu. Kuku wa mayai na mkufu wa shanga haviwezi kukopeshwa kwa ratiba moja.

Kuhusu malighafi, kuna mahali pamoja Arusha ambapo tundu hilo limezibwa kwa akili. Karakana ya Shanga, inayoajiri watu wenye ulemavu, inayeyusha chupa zilizokwisha kutumika na kutengeneza shanga na vyombo vya kioo hapohapo. Chupa iliyokuwa inaelekea dampo inakuwa punje. Ni karakana moja, haiwezi kulisha kila boma la Longido na Monduli, lakini inaonyesha kitu: unapojua hela inatobokea wapi, unajua pa kuweka kiraka.

Kinu cha Materuni

Ukitaka kuona hesabu iliyogeuzwa juu chini, panda Uru, kwenye kijiji cha Materuni juu ya Moshi. Huko anayepokea wageni hanunui malighafi yoyote mjini. Mbuni uko nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Mgeni anachuma kahawa nyekundu, anazungusha mashine ya mkono ya kumenyea, anaonyeshwa iliyokwisha kukauka, kisha anapewa mtwangio.

Hapo kwenye kinu simama kidogo. Watu wawili au watatu wanatwanga kinu kimoja kwa zamu ya haraka, mtwangio mmoja ukipanda mwingine unashuka. Mmoja akikosea, mitwangio inagongana au mtu anaumia vidole. Kinachozuia hilo ni wimbo. Mwimbishaji anaita, wengine wanaitikia, na kila mtwangio unajua silabi yake ya kushukia. Wageni wanadhani wanaimbiwa ili wafurahi. Wakishapewa mtwangio, na wimbo ukakatika ghafla, ndipo wanagundua kwamba wimbo ulikuwa sehemu ya mashine. Baadaye kahawa inapepetwa kwenye ungo, maganda yanaruka kama manyoya ya kuku, inakaangwa kwenye chungu juu ya mafiga, inatwangwa tena, inachemshwa, inanywewa.

Kilo moja ya kahawa ya maganda, ikikobolewa na kukaangwa, inatoa vikombe zaidi ya 60. Mkulima anayeipeleka ghalani analipwa mara moja kwa kilo, bei ikiwa imepangwa na watu asiowaona. Anayepokea wageni sita hatumii hata robo kilo, na wageni wanalipia chakula, mwongozaji, mtwangaji, na mara nyingi wanaondoka na pakiti. Kahawa ni ileile. Kilichoongezeka ni wimbo, kinu, na mtu anayejua kueleza.

Wachagga hawakufika hapo kwa kupenda kuimbia watu. Kahawa ililetwa na wamisionari wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika uliosomesha nusu ya watu unaowaona wakiendesha ofisi nchini. (Sawa, nusu ni chumvi. Kidogo.) Kisha mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Wimbo wa kinu ulianza kutozwa hela pale kahawa yenyewe iliposhindwa kulipa ada ya shule.

Sasa usiwahi kupiga makofi. Anayepata wageni ni yule ambaye uwanja wake uko karibu na njia ya maporomoko ya maji, ana choo kizuri, na kijana wake anaongea Kiingereza. Jirani yake wa mtaa wa pili anapata vumbi la magari na watoto waliojifunza kuomba peremende. Hili tatizo lilitabiriwa zamani. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Uholanzi la SNV lilipoanza na vijana wa Longido kutengeneza mpango wa utalii wa kitamaduni, ambao baadaye ulikabidhiwa kwa Bodi ya Utalii Tanzania na kuenea Ng'iresi, Mulala, Mto wa Mbu, Marangu, Machame na kwingineko, waliweka kwenye bei ya kila ziara kipande cha hela ya kijiji kizima: darasa, zahanati, bomba. Wazo zuri sana. Mgeni anaingia kwa mmoja, dawati linaingia kwa wote.

Kazi ni kulilinda. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Meru, jina lake nitalihifadhi. Mweka hazina alisoma mapato ya wageni ya miezi mitatu: Sh 640,000. Wajumbe wakaanza kujiandaa kwa ajenda ya maji. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akatoa kwapani kitabu cha wageni, lile daftari gumu ambalo kila mgeni anaandika jina na nchi na "very nice". Alikuwa amekaa nalo usiku na taa ya simu. "Nimehesabu majina 212," akasema. "Kila mmoja 5,000. Sasa mwanangu, hao 84 wengine walikuwa mizimu?" Kulikuwa na kicheko, kisha hakukuwa na kicheko. Mkutano ule uliisha saa 1 usiku.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na mapato yasomwe. Ukiniuliza kifaa bora cha kuendeleza utamaduni vijijini, sitakutajia kamera wala tovuti. Nitakutajia daftari lile na mzee mwenye subira ya kuzidisha.

Na madereva? Lawama nyingi huwaangukia wao: kwamba kwenye maboma ya utamaduni njiani kuelekea Ngorongoro kiingilio kinalipwa kupitia dereva na kinachowafikia wenye boma ni makombo. Malalamiko hayo ni ya siku nyingi na mengi ni ya kweli. Lakini dereva wa utalii naye ana mshahara mwembamba, anaishi kwa tipu na kamisheni, na miezi ya mvua anakaa kijiweni Arusha akicheza drafti. Boma lililofanikiwa kumshinda halikumtukana. Liliandika bei kwenye kibao kikubwa mlangoni, kwa Kiingereza, pamoja na posho ya dereva. Mgeni akishasoma mwenyewe, mazungumzo ya pembeni yanapungua.

Mwenye mali ni nani?

Hapa ndipo mada inapochanganya hata wanasheria. Mwaka 2012 kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton ilitoa nguo za wanaume zilizobeba miraba ya shuka za Kimasai, ikauza kwa bei ambayo mwenye shuka hawezi kuitamka bila kuvuta pumzi. Je, ilipaswa kumlipa mtu? Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 imejengwa kama zilivyo za wenzetu: inamtafuta mtunzi, mmoja au wachache, na haki yake ina mwisho baada ya miaka fulani. Shuka haina mtunzi. Nakshi ya mkufu haina mwaka wa kuzaliwa. Sheria hiyo inagusa pia sanaa za jadi, ila kati ya kugusa na kumpelekea barua mshonaji wa Paris pana umbali. Wamasai wa Kenya na Tanzania wamejaribu njia nyingine kupitia mpango wao wa hakimiliki, MIPI, wakijenga hoja ya kutoza leseni kampuni zinazotumia jina na sura yao. Kikwazo chao kikubwa hakiko Ulaya. Kiko hapa: Wamasai ni sehemu nyingi, zenye viongozi wengi, katika nchi mbili. Nani atie sahihi? Na hela ikija, iingie akaunti gani? Tumerudi kwenye daftari la yule mzee, ila sasa daftari lina ukubwa wa kutoka Loitokitok mpaka Kiteto.

Na kichekesho cha historia ni hiki. Mwaka 1967 na 1968, serikali ilifanya operesheni ya kuwavua Wamasai hizohizo shuka. Mkoa wa Arusha ulipiga marufuku watu kuingia mjini au kupanda basi na mavazi yao. Walitakiwa wavae suruali, wawe wa kisasa. Leo ofisi hiyohiyo ya mkoa ikiwa na maonyesho inaanza kutafuta morani wa kuruka mbele ya jukwaa. Ninalitaja hili kwa sababu mtu akija kijijini na mradi wa "kuhifadhi mila", wazee wenye kumbukumbu wanamwangalia kwa jicho la pembeni, na wana haki. Walishaambiwa waiache.

Tena usidhani cha mahali ni lazima kiwe kimezaliwa mahali. Rudi Mto wa Mbu, tembea kwenye vibanda. Picha za rangi kali za twiga na ndege ni za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972. Vinyago ni vya Wamakonde waliotoka kusini na mpingo wao, na siku hizi mpingo ukiwa adimu, kuna mti mweupe unaopakwa rangi ya viatu na kuapiwa kuwa mpingo. (Utaujua kwa uzito. Mpingo halisi unazama majini.) Mji wenyewe unajisifu kuwa na makabila zaidi ya 120, waliofuata mpunga na maji ya mifereji. Sanaa yake ni ya waliohamia, na inawalisha vizuri tu.

Mteja wa Desemba

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii kama milioni 1.5. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, walishuka hadi laki 6 na ushee. Mtu aliyekuwa amejenga maisha yake yote juu ya mgeni aliamka asubuhi moja akakuta barabara ya Karatu imenyamaza. Wengi walirudi kulima. Waliokuwa wameuza shamba ili wajenge "kituo cha utamaduni" hawakuwa na pa kurudi.

Lakini Desemba ile, Moshi ilijaa kama kawaida.

Hili ndilo ninalotaka lisikike, kwa sababu halimo kwenye maandiko ya miradi. Mchagga wa Dar, Mwanza, Mbeya, hata wa Toronto, Desemba anarudi nyumbani. Mabasi yanajaa, magari madogo yanapanga foleni Chalinze. Treni ya Dar mpaka Moshi ilipofufuliwa baada ya miaka 25 hivi, ilifufuliwa Desemba, 2019. Mwezi wenyewe unajieleza. Sababu ya kurudi ni ya kimila kabisa. Kihamba, yaani shamba la ukoo, ndipo walipozikwa babu na bibi, na mtu asiyeonekana kihambani mwaka wa tatu anaanza kuulizwa ana ugomvi na nani. Watoto wanapata kipaimara, posa zinapelekwa, makaburi yanapakwa chokaa, na jani la isale, la kuombea msamaha, linakwenda kwa aliyekosewa.

Sasa fuata hela. Sherehe moja ya kipaimara inataka ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchomwa, aliyenona. Kwa hiyo kuna mama wa Kibosho aliyemkatia mbuzi huyo majani kwa miezi kadhaa, kichwani, kutoka tambarare. Inataka mbege, pombe ya ndizi, kwa hiyo kuna ndizi zilizoivishwa, ulezi ulionunuliwa, gome la msesewe la kuleta uchungu, na mpishi wa mbege anayejua siku ya kuchanganya kwa kuonja, si kwa kusoma. Inataka matarumbeta: vijana wanane na ngoma moja kubwa juu ya pikapu. Inataka mshona sare za ukoo, mpambaji, mpiga picha, mshereheshaji anayejua utani wa Kimachame dhidi ya Kirombo. Karibu kila shilingi ya orodha hiyo inashuka kijijini, na haina dereva wa kumkatia kamisheni. Mteja ni mtoto wa hapo. Anajua mbege iliyoharibika, anajua bei, na mwakani atarudi.

Hiyo ni sanaa na utamaduni vinavyoendesha uchumi wa kijiji kwa nguvu ambayo sijaona mradi ukiifikia, na hakuna afisa anayeihesabu. Mpishi wa mbege hajaitwa msanii hata siku moja. Vijana wa matarumbeta wengi wanakodi vyombo, tena nusu ya malipo inaishia kwa mwenye vyombo. Kama ningekuwa afisa utamaduni wa wilaya kwa mwaka mmoja, na nina hela ya kujenga banda la kupokelea wageni lenye paa la makuti, ningenunua matarumbeta ya kata, nikayakabidhi kwa kikundi chenye daftari, na banda lingesubiri. Nimewahi kulisema hili kwenye semina. Walikuwa na adabu, wakaandika.

Sidharau mgeni. Hela yake ni ya kigeni na inafika pale ambapo hela nyingine haifiki. Ninachosema ni mpangilio. Kitu ambacho wenyewe bado wanakihitaji, mgeni akija kinapata bei ya pili. Kitu ambacho kimebaki kwa ajili ya mgeni peke yake, siku asipokuja kinakufa, na siku akija kinalegea: ngoma inafupishwa ikae kwenye dakika 15, mkufu unashonwa kwa uzi mbovu, maana mnunuzi hatarudi kulalamika.

Mfano mzuri zaidi wa bei hizo mbili niliuona mbali kidogo na barabara, bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu. Wafua vyuma wa Kidatoga wanafanyia kazi chini ya mti. Moto ni wa mkaa, mifuo ni viriba viwili vya ngozi ya mbuzi vinavyopigwa kwa zamu, kulia, kushoto. Kijana alichukua koki kuukuu ya maji na kufuli lisilo na ufunguo, akavitia kwenye chombo kidogo cha udongo, na baada ya muda shaba ikawa maji ya rangi ya machungwa. Akaimimina kwenye mfereji mwembamba, ikaganda, akaigonga, akaikunja ikawa bangili, akaichora mistari kwa patasi. Mgeni mmoja akaivaa ikiwa bado ina joto.

Baba yake, pembeni, alikuwa akigonga msumari wa inchi 6. Hakuna aliyempiga picha. Msumari ule ulikuwa unageuka kichwa cha mshale kwa ajili ya Wahadzabe wa upande wa pili wa bonde, ambao wanawinda msimu wa watalii na usio msimu. Mshale hauulizi kama ndege imetua KIA. Kupitia kijana wake nilimuuliza mzee, kati ya bangili na mshale, kipi kinamlipa zaidi. Hakuacha kugonga. Alielekeza kidevu kwenye kivuli cha nyumba, palipokuwa na dumu la lita 20 limejaa asali mpaka shingoni, na kijana akatafsiri bila baba yake kusema neno: "Hiyo ni mishale ya mwezi uliopita. Jumamosi inapanda gari kwenda Karatu."